Mkono wa Mzee Mwinshehe

Mashine iliingia Mwamgongo kwa boti ya abiria itokayo Kibirizi, upande wa mjini, ndani ya boksi jeupe lililoviringishwa nailoni ili maji ya ziwa yasilifikie. Muuguzi Elida wa zahanati aliipokea mwenyewe ufukweni, hakumwachia mbeba mizigo. Aliipakata kifuani kama mtoto mchanga, akapanda nayo kile kinjia cha mawe kinachopita katikati ya chanja za kuanikia dagaa, mpaka kwa Bibi Eufrasia, nyumba ya mwisho kabla ya migomba, yenye mlango wa bluu uliochubuka chini kwa kudonolewa na kuku.

Bibi Eufrasia alikuwa akifagia uwanja. Aliegemeza ufagio ukutani, akajifunga khanga upya.

“Mwakeye, bibi,” Elida alisalimia kwa Kiha.

“Mwakeye neza, mwanangu. Mbona umekikumbatia hicho kitu kama umemwibia mtu?”

“Ni chako. Safari za mjini ndiyo basi tena.”

Elida aliyasema hayo kwa furaha, naye alikuwa na haki ya kufurahi, maana aliipigania mashine ile kwa barua na kwa simu. Kwa hiyo hakuona kwamba mikono ya bibi ilikawia kidogo kwenye fundo la khanga.

Waliingia ndani. Elida aliiweka mezani, juu ya kitambaa cha kufuma kwa uzi mweupe na wa waridi, kazi ya mikono ya bibi mwenyewe. Ilikuwa ndogo, umbo la redio ya mfukoni, na mkanda wa kijivu wa kuvalisha mkononi, na kioo kinachoonyesha namba. Elida akaeleza taratibu, maana alimjua bibi kwamba anapenda kuelezwa kila kitu mpaka mwisho. Mle ndani mna laini, kama ile ya simu. Ukishapima, namba za presha zinakwenda zenyewe mpaka mjini, kwa Daktari Nehemia, naye anaziona akiwa amekaa kwenye kiti chake. Utapima asubuhi na jioni. Vidonge vitakuwa vinaletwa zahanati. Hakuna tena kupigwa na mawimbi kwa ajili ya kwenda kuvalishwa mkanda dakika mbili na kurudi.

Akabonyeza kitufe. Sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyesoma, ikasema: “Karibu. Kaa kimya. Legeza mkono wako.”

“Asante, mwanangu,” Bibi Eufrasia akaijibu.

Elida akacheka mpaka akashika meza. “Haya, umepata wa kuzungumza naye. Lakini bibi, sikiliza. Hii ni ya kwako wewe peke yako. Ni za majaribio, na kijiji chetu tumepewa chache mno. Ikitumika vinginevyo wataichukua.”

“Nani aichezee? Hapa nakaa na kuku.”

Basi, ikawa hivyo.

Majirani walimpa hongera. Kila aliyepita alisema bibi ana bahati, na yeye akawa anaitikia kwamba ni kweli, Mungu ni mwema. Angesemaje? Nani angemwelewa mtu anayesikitika kwa kuondolewa taabu? Tangu mumewe Oswald azikwe, na Ignas mwanawe ahamie Mpanda kwenye mashamba ya mpunga, safari ile ya kliniki ndiyo iliyokuwa ikimtoa nyumbani. Alikuwa akiianza usiku wa kuamkia, kwa kupiga pasi gauni la kitenge na kuchemsha mayai ya njiani. Kwenye boti wanawake walibanana, wakasemana, wakashikana mabega wimbi linapokuja. Walipopita Gombe walitazama nyani wakitembea mchangani kama watu waliotumwa dukani. Na kule hospitalini, kwenye benchi refu la wagonjwa wa presha, alikuwapo Diana wa Bangwe, muuza mawese, mwanamke mnene wa kicheko, ambaye alikuwa akimwekea nafasi kwa kulaza pochi yake. Walikula mayai pamoja na mihogo ya kuchemsha. Wakataniana kuhusu magoti yao, wakawasema wakwe zao mmoja mmoja. Bibi Eufrasia alilala kwa Diana, Bangwe, wakazungumza gizani mpaka mmoja wao aache kujibu. Kesho yake anapanda boti kurudi.

Yote hayo mashine iliyafuta, na haikuwa imekusudia ubaya.

Alikuwa akipima kama alivyoelekezwa. Asubuhi, kabla ya chai, alinawa uso, akajifunga khanga safi, akaketi wima mbele yake kama anayepigwa picha. “Karibu,” mashine inasema. “Asante.” “Kaa kimya.” Anakaa kimya. Mkanda unamkaza mkono, unalegea, namba zinatokea, sauti inasema, “Vipimo vimetumwa,” halafu nyumba inarudi kuwa nyumba. Diana alipiga simu siku za mwanzo, wakacheka. Halafu simu zikapungua. Mazungumzo ya benchi hayapandi vizuri kwenye simu, yanataka mtu anayepita mbele yenu mmsengenye.

Mapendo ndiye aliyelibadilisha jambo hilo. Mapendo ni mke wa Bariki mvuvi, nyumba ya pili kutoka kwa bibi, wazazi wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo naye akiwa mgongoni. Alikuja jioni moja kuomba kaa la moto la kuwashia jiko. Akaikuta mashine mezani.

“Mama Ignas, ndiyo ile?”

“Ndiyo hiyo.”

“Mimi kichwa iko nauma tangu juzi. Si unipime?”

Bibi Eufrasia alikumbuka maneno ya Elida. Lakini pale kwao mtu hamnyimi jirani kaa la moto, wala chumvi, wala kinu, na anayekuja kuazima kinu haulizwi anakwenda kutwanga nini. Utamwambiaje mtu aliyesimama ndani ya nyumba yako kwamba kile kilichopo mezani si cha kumsaidia? Tena, bibi aliwaza, kinachokatazwa ni kuchezea, na kumpima mgonjwa si kuchezea. Akamkalisha kitini, akamvalisha mkanda.

Kabla ya kubonyeza alisita, akaona si adabu kumleta mgeni kwa mwenyeji bila kumtaja. Mashine inazungumza, na kwa akili ya bibi anayezungumza anasikia. Akainama kidogo, akaiambia: “Huyu si mimi. Huyu ni Mapendo, mke wa Bariki, wa hapa hapa.”

“Karibu,” mashine ikasema. “Kaa kimya. Legeza mkono wako.”

“Unaona,” bibi akasema, “imekukaribisha.”

“Aksanti,” Mapendo akaiambia mashine, kwa heshima zote.

Namba zilikuwa nzuri. Mapendo akaondoka na kaa lake la moto, na kichwa kikiwa kimepoa nusu kwa furaha tu. Kesho yake akaja na shemeji yake. Keshokutwa wakaja watatu wa kule kwenye chanja, wananuka dagaa, wanaachia magamba mkekani. Bibi Eufrasia akatandika mkeka wa pili. Akaanza kuchemsha chai ya mchaichai kwenye sufuria kubwa, ile iliyokuwa imefunikwa juu ya kabati tangu matanga ya Oswald. Kila jioni, dagaa wakishaanuliwa, unasikia kandambili zinapanda kilima. Watu wanapimwa, wanalinganisha namba kama watoto wanaolinganisha matokeo ya mtihani, halafu hawaondoki. Habari zote za Mwamgongo zikahamia pale: nani kapata samaki, nani kapigwa wimbi, binti wa nani anaposwa. Na kila mmoja alitambulishwa kwa mashine vizuri, jina lake na la baba yake, na bibi hakumruka mtu.

Wa mwisho kufika alikuwa Mzee Mwinshehe.

Mzee Mwinshehe alikuwa fundi nyavu, mjane, mtu mrefu aliyepinda kidogo begani kwa kuinamia kazi. Asili yake Ujiji, na bintiye Shadia alikuwa bado anaishi huko, lakini yeye aliifuata kazi ya nyavu Mwamgongo akiwa kijana na hakuondoka. Alikuja baada ya swala ya alasiri, akaegemea mwimo wa mlango kwanza, kama anayefikiria kama aingie au asiingie.

“Mama Ignas, yule mkwe wako wa kwenye boksi hajambo?”

“Hajambo. Anauliza yule mzee anayenuka nyavu leo atakuja na sabuni?”

“Mwambie mzee ni maridadi, anapendwa mpaka na kambare.”

“Kambare hana macho mazuri. Kaa hapo.”

Watu wakacheka. Alinyoosha mkono wake, mkono mkubwa wenye makovu ya nyuzi kwenye vidole, na bibi ilibidi auzungushe mkanda mpaka mwisho wake ndipo ushike. “Huyu ni Mwinshehe bin Ramadhani,” akaiambia mashine, “fundi nyavu, mtu wa Ujiji.” Na namba zake zilikuwa kubwa. Kila jioni zilikuwa kubwa kuliko za wote, na vijana wakamwita bingwa.

“Mzee, hizi si nzuri,” bibi alimwambia mara ya kwanza. “Kwenye presha bingwa ndiye mgonjwa.”

“Si zinakwenda kwa daktari?”

“Zinakwenda.”

“Akiona mbaya ataniita. Mimi sijajificha, umenitaja mpaka jina la marehemu baba.”

Bibi akaona ni kweli. Akammiminia chai. Baada ya wengine kwenda kupika, yeye alikuwa akibaki kidogo, kikombe kikiwa kimekwisha, wakatazama ziwa linavyobadilika rangi kule upande wa Kongo. Hawakuwa na maneno mengi. Lakini kikombe cha pili mezani ni kitu kikubwa kwa mtu aliyezoea kuosha kimoja.

Sasa ikawa Elida amekuja. Alikuja mchana, peke yake, na uso wake haukuwa wa mzaha. Akatoa mfukoni vidonge vipya.

“Bibi, Daktari Nehemia amenipigia. Asubuhi presha yako ni ya msichana. Jioni unajipima tena na tena, na inaruka mpaka inatisha. Kuna jioni imefika mia na tisini. Jioni unafanya nini hapa? Unabeba maji?”

Bibi Eufrasia aligeukia meza. Alitazama mashine. Akaitazama kama unavyomtazama mtu uliyemweleza siri yako kwa miezi, kumbe ni kiziwi.

“Inapotuma,” akauliza polepole, “inasema ni ya nani?”

“Ya kwako. Itasema ya nani mwingine? Imeandikishwa kwa jina lako.”

“Na ukiiambia?”

“Haisikii, bibi. Inasema tu.” Elida akamshika bega. “Una hofu, naelewa. Daktari ameongeza dozi. Meza hivi badala ya vile. Na usichoke jioni.”

Ulikuwa ndio wakati wa kusema. Maneno yalikuwa mafupi tu: jioni si mimi. Lakini nyuma yake akaona na mengine, kwamba Elida ataibeba ile mashine kifuani kama alivyoileta, na mikeka itakunjwa, na sufuria itarudi juu ya kabati. Akapokea vidonge. Akasema asante. Elida alipokwisha kushuka kilima, bibi akavificha vidonge vile nyuma ya sanamu ya Bikira Maria, akaendelea kumeza vya zamani, maana mjinga hakuwa.

Jioni ile aliwaambia watu kwamba mashine imechoka, haitapima. Walisema pole, mmoja mmoja, mlangoni. Mapendo akasema basi ngoja akasonge ugali mapema. Walishuka. Chai ya mchaichai ilibaki sufuriani kama ilivyo. Mzee Mwinshehe peke yake ndiye aliyeegemea mwimo wa mlango.

“Mzee,” bibi akamwambia, “kesho nenda zahanati ukapimwe na Elida.”

“Kwa nini? Nimepimwa hapa mwezi mzima.”

“Nenda tu.”

“Mama Ignas, umenichoka. Kama ningekuwa mbaya daktari asingenyamaza. Yule anaona kila kitu.” Akacheka, akajisugua kisogoni, mahali anapojisugua siku zote. “Au mkwe wako amenisema?”

Bibi alimtazama. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, si ndani, kwa sababu ndani hakukuwa na jambo la kumwingiza. Akamwona atakavyogeuka na kuondoka, kesho na siku zote zitakazofuata.

“Ingia,” akasema. “Nadhani imepata chaji.”

Watu walirudi. Hakuwatambulisha tena kwa mashine, aliwavalisha mkanda kimyakimya, na Mapendo akamuuliza kama wamegombana na mwanawe wa kwenye boksi. Alicheka pamoja nao. Lakini kila alipouzungusha mkanda kwenye ule mkono wa makovu, alitazama pembeni namba zinapotokea, na chai aliyoinywa haikuwa na ladha.

Daktari Nehemia, kule mjini, akaona dozi imeongezwa na presha ya jioni ndiyo kwanza inapanda. Alifanya kama daktari yeyote mwangalifu angefanya. Alisema mgonjwa aletwe.

Elida alileta habari hiyo jua likiwa utosini. Boti ya wagonjwa ingekuja kesho asubuhi kumchukua Bibi Eufrasia, bure, na angelazwa siku kadhaa waangalie figo na moyo. “Usiogope,” akasema.

Lazima isemwe kwamba bibi hakuogopa. Alipobaki peke yake alishikwa na kitu kilichofanana na furaha, akaona aibu nacho, na bado hakikumtoka. Alimpigia Diana. “Nakuja mjini,” akamwambia, na Diana akapiga kigelegele ndani ya simu, akasema atamletea uji wa ulezi wodini, atakaa kitandani kwake wapende wasipende. Bibi akapiga pasi gauni la kitenge. Akachemsha mayai. Akamwomba Mapendo amtazamie kuku. Alijiambia kwamba huko huko mjini ndiko atakakomweleza daktari, ana kwa ana, kama watu wanavyoelezana. Siku mbili tatu zina ubaya gani?

Asubuhi majirani walimsindikiza ufukweni. Ziwa lilikuwa limetulia, linapiga mchanga kidogo kidogo. Boti ya wagonjwa ilikuwa nyeupe, ina turubai na godoro, na nahodha wake alikuwa amevaa koti la kujiokolea. Mzee Mwinshehe ndiye aliyembebea mfuko, hakukubali kunyang’anywa.

“Unatuacha sisi na mkwe wako tutapimwa na nani?” akasema. “Nitakonda.”

“Ukikonda utapendeza.”

“Mwambie daktari Mwinshehe bin Ramadhani anamsalimu. Mwambie mwaka huu ubingwa...”

Hakumaliza. Mfuko ulimponyoka, mayai yakagonga kokoto. Aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama chombo cha jirani. Akajaribu kuinama auokote mfuko, akakaa chini mchangani, taratibu, akicheka, na upande mmoja wa kicheko ulikuwa umechelewa.

“Jua,” akasema. “Ni jua tu.”

Jua lilikuwa halijapanda mlima.

“Elida,” Bibi Eufrasia akaita. Sauti yake haikuwa kubwa. “Si mimi.”

Elida alikuwa akimsaidia kukunja gauni aingie majini. “Si wewe nini, bibi?”

“Zile za jioni. Ni mkono wake. Nilikuwa nampima na mashine yangu, yeye na wengine wote, na nilijua tangu uliponiletea vidonge. Anayepaswa kupanda ni huyu.”

Mapendo alijishika kinywa. Elida alimtazama bibi kitambo kifupi, na bibi akaona yote yaliyokuwa yakipita kwenye uso ule wa kijana: barua alizoandika, simu alizopiga, vidonge vikali alivyovileta kwa mkono wake. Halafu akageuka, kwa sababu mgonjwa alikuwa chini. Akatoa kipimo chake mkobani, akamvalisha Mzee Mwinshehe pale pale mchangani. Aliposoma namba hakuzisema. Alimwita nahodha.

Walimbeba watu wanne. Aliponyanyuliwa, Mzee Mwinshehe alimtafuta bibi kwa macho.

“Kumbe daktari hakuwahi kuniona?” akauliza, maneno yakiburuta kidogo.

“Hakuwahi, mzee.”

“Na mimi nilikuwa najisifu.”

Walimlaza kwenye godoro alilotandikiwa bibi. Elida akapanda naye. Bibi Eufrasia alivua kitenge chake cha juu, kile kizuri, akamrushia Elida amfunike miguu, maana kwenye maji kuna baridi. Hakuna aliyemwambia apande naye, wala hapakuwa na nafasi. Injini ikanguruma. Boti iligeuza uso kuelekea kusini, ikapotea nyuma ya ule mlima unaoingia majini, na watu wakaanza kutawanyika kwenda kwenye dagaa wao. Mapendo akamwokotea mfuko. Mayai yalikuwa yamepasuka maganda lakini yanalika.

“Twende, Mama Ignas,” akasema.

“Tangulia.”

Alisimama pale mpaka mchanga ukaanza kuchoma.

Habari njema zilifika kwanza. Walimuwahi. Daktari Nehemia alisema kiharusi kilikuwa ndiyo kinaanza, na wangechelewa mpaka jioni wangezungumza mengine. Elida aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa bibi, akakaa, akasema, “Ungeniambia tu, bibi. Ningetafuta njia.” Hakumkaripia. Bibi alitamani amkaripie. Mashine haikuchukuliwa. Daktari alisema ibaki, ila Elida akazunguka kila nyumba kuwaeleza watu kwamba anayetaka kupimwa aje zahanati, pale barazani, kila mtu atapimwa kwa jina lake. Watu walikwenda. Lilikuwa jambo la maana, na wengine wawili waligundulika wana presha wakaanzishiwa dawa.

Na jioni kandambili hazikupanda kilima. Haikuwa chuki. Mapendo alipita siku moja, akasimama nje ya mlango.

“Kaa la moto lipo?”

“Lipo. Kaa kwanza, chai iko jikoni.”

“Kesho, Mama Ignas. Leo kuna dagaa bado ziko nje, na wingu hili.” Akalichukua kaa lake kwenye kigae, akashuka akilipuliza. Alikuwa mtu mwema. Hakuwa na sababu ya kukaa, na bibi hakujua mtu anaombaje kukaliwa tu, bila kazi, bila ugonjwa.

Mzee Mwinshehe hakurudi. Shadia, bintiye, alimtoa hospitali akampeleka nyumbani kwake Ujiji, akasema baba hatakanyaga tena boti, atakaa karibu na madaktari. Alimtuma mtu kuja kuchukua nguo, sindano za kushonea nyavu na mkeka wa kuswalia. Bibi Eufrasia alisaidia kuvifunga. Nyumba ile ikapigwa kufuli, na baada ya wiki chache mtu mwingine akawa anahifadhia injini mle.

Jioni moja, bibi akiwa anachambua mchele kwenye ungo, simu yake ya vitufe ikalia. Namba ngeni.

“Mama Ignas.” Sauti ilikuwa nzito kuliko zamani, inatembea kwa kuchechemea. “Nimeiba simu ya Shadia. Yuko uani.”

“Mzee. Hujambo?”

“Mkono umerudi nusu. Vidole viwili vimegoma, vinataka mshahara. Na mimi nimeletewa boksi langu, la kwangu mwenyewe. Linanikaribisha kila asubuhi.”

“Unaliitikia?”

“Ningeliitikiaje, na wewe ulinifundisha kwamba halisikii?” Alicheka, halafu akavuta pumzi. “Leo wamekuja wengi hapo?”

Bibi Eufrasia alikitazama chumba. Mikeka ilikuwa imesimamishwa pembeni. Alikuwa na jibu tayari, lile analompa Ignas akipiga kutoka Mpanda, kwamba wapo, nyumba imejaa, usiwe na wasiwasi.

“Hakuna mtu,” akasema. “Niko peke yangu, mzee. Tangu siku ile.”

Alisikia pikipiki ikipita, barabara ya Ujiji, na watoto wa Shadia wakigombania kitu.

“Hapa wako saba,” Mzee Mwinshehe akasema mwishowe. “Wananipenda wote. Hakuna anayejua wavu ni nini.” Akakohoa. “Unafanya nini sasa hivi?”

“Nachambua mchele.”

“Chambua. Usikate.”

Bibi akaifungua simu sauti kubwa, akaiweka juu ya meza, kwenye kile kitambaa, ikiwa imewaka. Akaendelea kutoa mawe, moja moja, akiyatupia nje ya mlango. Mara moja mzee alisema kwamba kumeanza kunyesha huko, na yeye akasema huku bado. Hawakusema jingine. Baadaye salio la Shadia likaisha, taa ya simu ikazimika, na bibi, ambaye hakuwa ameona, akaendelea kumweleza kwamba mchele wa safari hii una mawe mengi mno.